Mikono Imekauka Sauti

Tartu, Januari. Nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Ninavua glavu za pamba nilizolala nazo
polepole, kama ninayemenya yai bichi.
Ya kushoto imetoka. Ya kulia imegandia kidole cha shahada,
nailowesha kwa maji vuguvugu, naisubiri.

Ukurutu umerudi. Haubishi hodi,
una ufunguo wake tangu nikiwa na miaka minne.

Daktari kaniambia dawa niipime kwa ncha ya kidole,
ncha moja kwa viganja viwili,
kisha mafuta mazito, mengi, bila ubahili.
Shangazi Leida kaniletea sabuni ya lami
inayonuka kama nyumba iliyoungua. Nimeipa droo.
Juu ya bomba la kupashia chumba joto nimeweka sufuria ya maji
ili hewa ikumbuke kwamba iliwahi kuwa na unyevu.
Kucha nimezikata hadi zikalia.

Jikune ujipatapo, wanasema.
Taabu ni kwamba najipata kote,
saa tisa za usiku, gizani, bila kutapatapa.
Asubuhi shuka ndilo linalonisengenya.

Dukani jana niliweka sarafu mkononi mwa msichana wa kaunta,
naye chenji akaiweka kwenye kisahani.
Labda ndivyo awafanyiavyo wote.
Labda.
Nikasimama nje kwenye theluji, nikiwatazama waliotoka nyuma yangu,
kana kwamba usoni mwa mtu huonekana
chenji ilivyomfikia.

Na kazi yangu ni mikono.
Ninatafsiri kati ya viziwi na wanaosikia:
mahakamani, kliniki, mazishini.
Huvaa nyeusi tupu, shingoni mpaka vifundoni,
ndivyo tulivyofunzwa: nguo inyamaze, mikono iseme.
Mwenye ukurutu magotini ana suruali,
wa shingoni ana skafu.
Mimi nitauvika nini mdomo wangu?

Leo kesi ni ya Mzee Kaljo, kiziwi, seremala mstaafu,
na kibanda chake cha kuni, ambacho jirani anaapa
kimevuka mpaka kwa shubiri mbili.
Nilianza vizuri. Kisha nikaona macho ya jirani
yamekwama kwenye vidole vyangu,
nikaanza kuzifupisha ishara:
mpaka ukawa kijistari, ukuta ukawa kizingiti,
mikono ikasogea karibu na tumbo kama watoto
waliosikia wageni sebuleni.

Kaljo akainua kiganja. Nikatulia.
"Mbona leo unanong'ona?" akauliza kwa ishara.
"Sauti imekukauka?"

Hakimu: "Anasema nini?"

Nimekula kiapo. Kila neno lisemwalo chumbani humu
lazima livuke, hata likiwa langu.
"Anasema," nikasema, "kwamba ninanong'ona.
Anauliza kama… kama mikono yangu imekauka sauti."
Karani akaandika. Nilisikia vitufe vyake.
Nikajibu kwa mdomo na kwa vidole, pamoja:
"Ndiyo. Ni ukurutu. Hauambukizi."

Kaljo akapunga kama anayefukuza nzi.
"Sikuuliza jina lake. Paza.
Kinachoshtakiwa ni kibanda changu, si ngozi yako."

Nalo hilo nikalitafsiri. Mtu mmoja nyuma akacheka,
sijui alimcheka nani.

Nikafungua vidole vyote kumi.
Kwenye neno *jirani* mpasuko wa kidole gumba ukaachia:
tone moja, dogo, halikumgusa mtu.
Sikusimama.

Sasa ni usiku. Ncha moja, viganja viwili.
Mafuta. Glavu.
Kaljo ameshindwa, kwa shubiri moja,
na ameapa kukata rufaa.
Ndani ya pamba mikono inanung'unika, inataka kusema jambo,
nalijua ni jambo gani,
nami nimeikalia.