Siku ya Tatu, Nyundo

Siku ya kwanza tulipanda kasri lililokaa juu ya jabali.
Ngazi mia moja na kumi na nne, zimejipinda kama ganda la konokono,
na kila zilipopinda mwenzangu aliniuliza: bado?
Kiongozi wetu, kijana mwembamba aitwaye Corentin,
alikuwa na funguo kiunoni na mafua puani.
"Hapa alilala bwana mkubwa. Hapa alimuua nduguye."
Akapiga chafya. Mwangwi nao ukapiga chafya,
tukacheka mahali watu walipochinjana.

Nikachungulia kwenye tundu la mishale:
chini, mto Dordogne umejinyoosha kama mtu aliyeshiba,
na ng'ambo yake kasri jingine linalikodolea macho hili,
mahasimu wawili wazee
waliosahau kilichowagombanisha.

Siku ya pili tukaenda kwa hasimu.
Vitanda vifupi. Zulia la ukutani lenye paa
anayekimbia mbwa walewale tangu enzi na enzi,
wala msituni hajafika.
Jikoni ndiko nilikokawia.
Meko yangemmeza ng'ombe mzima na pembe zake,
na kando yake jiwe limelika, limebonyea katikati.
"Alikaa mtoto wa kugeuza nyama," nikaambiwa.
Jina lake?
Hakuna aliyeliandika.
Mbwa wa bwana wameandikwa wote.

Siku ya tatu ikanyesha.
Huguette Delpech, mwenye nyumba tuliyopanga,
miaka sabini na tisa na miwani iliyofungwa kwa uzi,
alitukuta tumekaa tu, tunahesabu matone dirishani.
Nikamfasiria ya kwetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Alicheka hadi miwani ikamdondoka.
"Jembe limelala. Chukua nyundo."

Nyundo ya mti, ndogo, na kigae cha kuweka mapajani,
na gunia la jozi, limejaa hadi shingoni.
"Usipige kwa hasira. Gonga utosini, kama unayebisha hodi."
Nikabisha. Ya kwanza ikawa unga.
Ya pili ikarukia chini ya kabati, paka akaifuata.
Nikamwambia kwetu jozi ni kokwa hii,
na ni viatu, na ni chochote kiendacho viwiliviwili.
Akapasua yake, akanionyesha nusu mbili
zimekumbatiana gizani.
"Basi mliijua kabla ya kuiona."

Halafu, bila kuinua macho, kama anayetaja hali ya hewa:
bibi yake, Léonie, aligongea kasri lile la juu.
Nusu nzima zilipanda mezani kwa bwana,
zilizovunjika zilikwenda kukamuliwa mafuta,
maganda ndiyo aliyorudi nayo nyumbani, ya kuwashia moto.
Gonga. Gonga.
Mvua nayo ikigonga vigae vya paa.

Adhuhuri, supu ya kitunguu saumu,
mkate mkavu umelala chini yake, unalainika taratibu.
Bata aliyehifadhiwa ndani ya mafuta yake mwenyewe,
ngozi ikilia chini ya jino. Viazi. Jibini ya mbuzi,
ndogo kama kifungo cha koti la jitu.
Na kabla bakuli halijakauka, Fernand, jirani,
ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie,
akamimina divai nyekundu katika masalia ya supu,
akalishika kwa mikono miwili, akanywa hadi mwisho,
akafuta sharubu. "Chabrol," akasema.
Ndiyo hotuba yake yote.
Nikamwiga. Vuguvugu, kali kidogo,
na macho ya mafuta yakinitazama kutoka humo.
Mwenzangu, asiyeonja mvinyo, akatia maji ya kisima;
Fernand akafikiri kwa muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa.

Nimerudi na picha mia mbili za makasri,
kila mnara, kila daraja la kuinuliwa.
Ya mikono ya Huguette ni moja tu,
nayo imetikisika:
nilimwomba atulie kidogo,
akaniambia gunia halijaisha.