Njia ya Mfereji

Miaka ishirini na tisa nilisaga mahindi ya watu, Pasua,
sembe upande huu, dona upande ule,
mkanda ukichapa, mota ikinguruma,
mimi na wateja tukielewana kwa vidole:
viwili, madebe mawili;
ngumi, njoo kesho.

Nilipokabidhi ufunguo, mashine ilikataa kukabidhiwa.
Ilihamia humu, nyuma ya sikio la kushoto,
inasaga usiku kucha
na hakuna anayeleta mahindi.

Daktari alinimulika, akaandika, akasema: Zoea.
Basi nikanunua baiskeli.
Foniksi kuukuu ya marehemu Eliapenda mpiga chapa,
keria pana kama kitanda cha mtoto, kengele imekufa.
Anansia, mke wangu, akacheka hadi akakaa:
asiyesikia kengele, kengele ya nini?

Naondoka saa kumi na mbili kasoro,
malori ya mchanga bado yamelala.
Lami naiacha Mabogini
kama mtu anayevua viatu mlangoni.
Mlima uko mgongoni. Sigeuki.
Wageni wamelipa kuutazama,
mimi naupa kisogo bure.

Mbele ni tuta, na juu ya tuta njia,
upana wa tairi moja na nusu ya woga.
Kulia mpunga mchanga, kijani cha kutia jino ganzi;
kushoto maji ya mfereji, yanakwenda nami sawia,
hayanizidi, hayaniulizi naenda wapi.
Hakuna honi. Hakuna wa kumpisha.
Mguu wa kulia unashuka, wa kushoto unapanda,
unashuka, unapanda,
mwendo wa mtu anayetwanga peke yake
na hana haraka, kwa kuwa mgeni hajaja.

Yangeyange kasimama kwa mguu mmoja
kana kwamba wa pili kauazimisha.
Mbali kule kijana anaamia ndege:
naona mkono ukipanda, debe likipigwa,
kwelea kwelea wanainuka wote kwa pamoja
kama shuka inayokung'utwa,
na mlio haunifikii.
Hapo nilinuna kidogo. Sikuja kutafuta kimya cha namna hiyo.

Karibu na Chekereni gurudumu la nyuma likakaa chini.
Mwingine angesikia pumzi ikitoka;
mimi nilijua kwa makalio.
Nikaipindua baiskeli, miguu juu, mbuzi wa sikukuu,
nikachomoa tyubu, nikaijaza upepo,
nikaileta sikioni.
Mashine tu. Inasaga.
Nikaipeleka sikio la pili, nikaibembeleza
kama mtoto anayekataa kunyonya.

Mama aliyekuwa akipandikiza akainuka,
tope magotini, kanga kibwebwe,
akanitazama weee,
akaja, hakusema neno, akaninyang'anya,
akaizamisha mferejini,
akaizungusha shibiri kwa shibiri
mpaka vikapanda viputo,
vidogo, vyeupe, vinafuatana kama shanga zinazotungwa na mtu aliye chini.
Akabana kidole pale. Akaniinulia nyusi.

Nikakwangua, nikapaka solushani.
Kiraka hakitaki haraka.
Tukaketi ukingoni, miguu majini,
tukingoja gundi ikauke,
na ile mashine kichwani ikaendelea na kazi yake
ila sasa ilikuwa ng'ambo,
kama kinu cha jirani, mtu mwingine akila unga wake.

Nilipopandisha tairi nikatafuta maneno ya kushukuru.
Yeye alikwisha rudi shambani, maji mpaka ndama za miguu.
Akageuka.
Akainua vidole viwili juu ya mpunga,
mkono wote umenyooka, kama zamani, nyuma ya foleni,
unga ukiwa umejaa hewani hata sura hazionekani.

Nakijwa! Nakijwa wa magunia ya mtama!

Sijui kama nilipiga kelele au niliwaza.
Nilikunja ngumi, nikaiinua:
kesho.