Huvuta Kushoto

Tampere, Januari. Theluji imefika madirishani.
Kwenye skrini Tuovi anapiga msasa
bawa lisilo na uzito wa gramu moja.
Picha nne za kijivu, mchoro uliochanika mkiani:
ndiyo mabaki ya ndege iliyovichelewa vita.

Chuma kiliadimika, wakaichonga kwa mbao.
Rubani wa majaribio aliandika pembeni, kwa penseli:
*Huvuta kushoto.*

Kiasi gani? Hakusema.
Kitanda Tuovi hajakilalia,
ila kunguni wake anawahesabu:
digrii mbili. Anapaa, anaanguka.
Tatu. Anaanguka.
Chai imepoa, imeota utando.

Nne na nusu,
na mguu wake wa kulia, ndani ya soksi ya sufu,
unakanyaga sakafu tupu
kwa nguvu,
bila kuambiwa.