Hatua Thelathini

Kutoka mbali mimi ni ngurumo.
Penye kichuguu cha kwanza wanaume hunyamaza nikipiga:
mpira hupaa, huivuka mikaratusi,
hutua karibu na bendera kama mgeni aliyefika salama.
Halafu zinabaki hatua thelathini,
na hapo ndipo ninapofilisika.

Mara naukwangua udongo mwekundu, mpira unasogea kiganja.
Mara naupiga utosini, unaipita bendera kwa hasira,
unazama majanini ng'ambo,
na Kazadi wa uhasibu anajikohoza kwa adabu.

Nikamtafuta Kyalwe.
Alianza kubeba mifuko ya watu akiwa na miaka tisa,
akajifundisha kwa nondo iliyopindwa
na mpira uliopasuka, nyuma ya nyumba za Katuba.
Sasa anafundisha Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu,
kabla jua la Oktoba halijaanza kudai.

Siku ya kwanza alininyang'anya fimbo.
Akatandika taulo nyasini, akanipa mipira kumi.
"Tupa kwa mkono. Kwa chini.
Kama unamrushia mtoto chungwa."
Nikatupa. Saba ikakaa juu ya taulo.
"Unaona, mama? Mkono unajua.
Ni weye ndiye hujui kama unajua."
Jumamosi nzima, machungwa.

Siku ya pili: uzito mguu wa kushoto,
mikono itangulie chuma,
kifua na mabega vigeuke pamoja, mlango kwenye bawaba.
"Usiuinue mpira. Chuma kimezaliwa kimeinama,
kitauinua chenyewe. Kazi yako ni kushuka tu."
Mimi niogopaye kushuka, nikashuka.
Tiki.
Sauti ndogo, kama ukucha kwenye kikombe cha bati.
Mpira uliruka kimo cha paka, ukatua, ukatembea.

Siku ya mchanga sitaki kuisimulia.
Niliingia shimoni saa moja, nikatoka saa tatu
na mchanga masikioni, kwenye sidiria, kwenye meno.
"Piga mchanga," alisema. "Mpira ni abiria.
Mchanga ndio gari."
Mara arobaini gari liliondoka,
abiria akabaki kituoni.

Nyumbani nimeondoa meza sebuleni.
Kikombe kimelala ubavu mwisho wa zulia,
watoto wanauruka mstari wangu kama kijito.
Numbi, mume wangu, anauliza tutakula saa ngapi;
namjibu: baada ya ishirini mfululizo.
Amejifunza kusonga bukari.
Si mbaya, ina madonge.

Kazini napima shaba.
Juzi mizani ilidai chembe chache tu,
nikakigonga kijiko kwa kidole cha shahada,
mara moja, kisha nusu ya mara,
unga ukashuka, namba zikatulia.
Miaka kumi na minane nafanya hivyo bila kufikiri.
Nikacheka peke yangu maabara
hadi Ngosa akaja kuniuliza kama nimevuta asidi.

Jumamosi iliyopita, shimo la saba.
Hatua thelathini, labda ishirini na nane.
Nyuma ya miti ule mlima mweusi wa masizi ya tanuru,
na bomba lake refu lisilotoa kitu siku hiyo.
Kyalwe hakusema neno, alikuwa anamenya karanga.
Kiatu cha kushoto kilinibana. Nikashuka.
Tiki.
Sikuinua macho, maana ndiyo amri yake:
sikiliza, usitazame.
Nikasikiliza.
Ndege mmoja. Pikipiki mbali, njia ya Kipushi.
Ganda la karanga likivunjika, kisha karanga zikasimama.
Kazadi akajikohoza,
lakini kikohozi kingine,
ambacho sijawahi kukisikia kwake.