Jino la Sita

Karakana ya Kurasini, saa nane usiku.
Nyamizi kakilaza kichwa cha mtambo juu ya magogo,
mpira wake umelika kama kandambili ya kuli.

Kisimani bomba huzunguka, gesi hupanda,
na kinachoizuia isitutoe roho
ni meno sita ya chuma,
kila moja kama kidole gumba.

Anayasukuma kwa mafuta.
Matano yanaitika: ka.
La sita linasitasita.

"Litashika tu," nasema. "Meli inasubiri."
Hanijibu. Anapitisha ukucha penye ufa
ambao macho yangu hayauoni,
kisha anauchukua mkono wangu,
anauweka pale.

Tangu hapo, nikifunga mlango wangu Keko,
siondoki
mpaka uitike.