Stoo ya Madawati Mabovu

Shuleni kwetu Changamwe, ushauri nasaha
ni stoo ya madawati mabovu,
Jumatano, baada ya kipindi cha saba.
Mwalimu Mwanasha huondoa kasha la chaki kitini,
hupangusa vumbi kwa ncha ya leso,
husema: karibu.

Jumatano tatu Karisa alikuja na karatasi ya naibu mkuu,
*mtoro, jeuri*,
akakaa, akahesabu malori yaendayo bandarini
kwa mngurumo tu.
Mwalimu hakumhimiza. Alisahihisha insha.

Ya nne, alikuja na nyundo.
Akakipindua kile kiti, akapigilia mguu uliolegea,
msumari mmoja,
wa pili,
na wa tatu ungali mdomoni, akasema:
"Mama hajarudi tangu Pasaka."

Mwalimu akafunika kalamu nyekundu.