Usigawe Pointi kwa Hasira

Otylia, kaa. Sogeza kiti, acha kuomba radhi kwa ajili ya buti zako,
theluji ya Bytom huingia kila nyumba bila hodi.
Mwanao amekuachia mashine hii akaenda Bergen kuchomelea meli,
nami wa ghorofa ya nne sina kazi ila kukohoa na kucheza.
Basi sikiliza.

Umekufa mara ishirini na mbili tangu chajio. Nimehesabu.
Si mikono yako. Mikono iliyoshona sare za bendi ya wachimba makaa
miaka thelathini haitetemeki mbele ya mifupa inayotembea.
Ni mtu wako, umemuumba vibaya.
Tazama: pointi mbili nguvu, mbili wepesi, mbili akili,
mbili imani, mbili bahati (bahati, Otylia!),
umezigawa kama keki ya matanga,
kila mgeni kipande, hakuna aliyeshiba.
Mshika mawili moja humponyoka. Wewe umeshika saba.

Weka uhai kwanza.
Najua, hauna fahari. Hauwaki moto, hautoi radi kiganjani.
Lakini anayekufa kwa pigo moja hajifunzi kitu
ila weusi wa skrini.
Anayebaki na damu kijiko kimoja
ameona jitu linavyoinua bega kabla ya rungu kushuka,
na kesho atalikwepa bega, si rungu.
Uhai ndio ada ya shule.

Kisha pumzi.
Hapa nasema kwa kifua changu mwenyewe.
Mita mia saba chini ya ardhi, aliyepiga sururu kwa pupa
ndiye tuliyembeba saa nane mchana.
Piga mara mbili, bakisha ya kukimbilia.
Ule mstari wa kijani usiufikishe mwisho;
mwisho wake ndipo jitu linapokungojea.

Na hilo vazi la chuma, livue.
Ndiyo, lote. Linakupendeza, naona,
ila unabiringika kama kabati linaloshushwa ngazi.

Upanga? Huo huo butu wa mwanzo.
Upeleke kwa mhunzi autie makali,
ukipata mawe mengine mrudie,
ukipata mengine mrudie tena.
Wapo waliojaza mfuko panga za kila kaburi
na hawajui hata mmoja unafika wapi.
Wako uujue kama sindano, gizani, kwa ncha ya kidole.

Mimi? Mimi niliweka zote kwenye nguvu.
Miezi minne. Rungu kubwa kuliko mlango,
na pumzi ya kuliinua mara ya pili sina.
Marehemu Jadwiga alipita na glasi ya chai,
akasimama, akatazama, akasema,
"Alojz, huyo ni wewe mtupu."
Sikucheka siku ile.

Haya, amua. Njia moja.
Imani? Nilijua, na Jumapili zako zile.
Hapana, unasema, si kwa ajili ya kanisa:
imani humponya na aliyesimama kando yako.
Miaka sita nimecheza mchezo huu
na hilo halijanijia. Kando yangu
hajawahi kusimama mtu.

Sasa lango la ukungu. Usiingie.
Hapo chini, kwenye mawe, kuna alama inawaka,
na juu yake jina. Lisome, miwani yangu iko jikoni.

Tymek.

Kumbe ndiyo sababu ya buti na theluji na vifo vyote ishirini na viwili.
Anainuka, mwanga mtupu, ana joho lililochanika begani
(utataka kulishona, najua, haiwezekani).
Anainama kukusalimu.
Kitufe cha kupunga mkono ni kile cha kushoto.
Kishikilie.
Mimi naenda kuweka birika.

Msikimbilie kuingia. Jitu halina pa kwenda.